Kadi Imejaa, Kinga Haipo: Kisa cha Vijibwa Sita na Parvo

Majina, mji, na mambo mengine ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yameondolewa. Tarehe nimezigeuza kuwa umri wa vijibwa kwa wiki, kwa sababu katika kisa hiki umri ndio saa yetu.

Usuli

Mwenye mbwa ni mwalimu mstaafu katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nitamwita Mwalimu, kama ninavyomwita tukionana. Pensheni yake anaipa tafu kwa kuku wa mayai na kwa kuzalisha mbwa wa ulinzi, mzao mmoja kwa mwaka, hazidishi. Jike wake ni chotara wa German shepherd mwenye miaka minne, na katika wateja wote wa kliniki yangu ya wanyama sina mbwa aliyechanjwa kwa nidhamu kumshinda. Kila mwaka, mwezi uleule, tangu akiwa mdogo. Hilo likae kichwani, tutalirudia.

Walizaliwa sita, vidume wanne na majike wawili. Wote walinyonya dang'a, yale maziwa ya mwanzo, ndani ya saa chache. Mwalimu alikesha nao na daftari mkononi, akiandika nani kanyonya na nani kasukumwa pembeni.

Chanjo sikuchoma mimi. Alichoma kijana mmoja mwenye stashahada ya afya ya mifugo, anayezunguka mitaani kwa pikipiki. Alitumia chanjo ya mchanganyiko iliyozoeleka: chupa yenye unga mkavu wa kukinga magonjwa ya virusi, yaani distempa, homa ya ini ya mbwa, parvo (ule unaochubua utumbo na kuharisha damu) na parainfluenza, ikachanganywa na chupa ya maji ya kukinga leptospira, bakteria wa mkojo wa panya. Akachoma wiki ya 6, wiki ya 8 na wiki ya 10. Hiyo ya mwisho akaiongezea na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kila mara akabandika stika ya chupa kwenye kadi, akatia saini na tarehe. Kazi safi, kwa macho.

Kadi zenyewe zilitoka kwangu. Nilizichapisha miaka kadhaa nyuma nikazigawa kwa vijana wote wa eneo letu ili kuwe na utaratibu mmoja. Zina visanduku vitatu, cha kwanza, cha pili na cha tatu, na chini yake neno AMEKAMILISHA na nafasi ya muhuri.

Wiki ya 11 mbwa wanne wakauzwa. Vidume wawili walikwenda kwa mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa akimalizia nyumba. Kidume mmoja alikwenda kwa mtumishi mmoja mwenye daktari wake wa siku zote. Jike mmoja akasafirishwa mbali, kijiji kinachopakana na Serengeti. Nyumbani kwa Mwalimu wakabaki kidume, ambaye alishaanza kulala getini na mama yake, na jike aliyekuwa bado hajapata mteja.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ya 13 mfanyabiashara wa mbao alipata msiba bara. Nyumba haikuwa na mtu, kwa hiyo Alhamisi akawarudisha wale ndugu wawili kwa Mwalimu wakae mpaka Jumatatu. Waliwekwa banda la nyuma pamoja na jike asiyeuzwa. Wakacheza, wakala sahani moja.

Baadaye tuligundua kwamba kwenye kiwanja kitupu mkabala na nyumba ya mfanyabiashara kulikuwa na mbwa wa jirani aliyekufa kwa kuhara damu wiki mbili kabla. Mzoga ulitupwa hapohapo kwenye majani. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa wakiwapeleka vijibwa kukimbia huko kila jioni, na mtunza bustani akipita hapo na ndala zake kutwa mara nne. Parvo haihitaji zaidi ya hapo. Kirusi chake hakina ule utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, kinakaa ardhini penye kivuli kwa miezi, pengine mwaka, na kinapanda nyayo za viatu bila kuomba lifti.

Jumamosi jioni ndugu mmoja aliacha chakula. Usiku akatapika povu la njano. Mwalimu alimpigia yule kijana, naye akaja Jumapili asubuhi. Akaitazama kadi kwanza. Hili nimeambiwa na wote wawili kwa maneno yanayokaribiana: "Kadi imejaa, Mwalimu, hii haiwezi kuwa parvo. Hii ni minyoo." Akatoa dawa ya minyoo ya vidonge na sindano moja ya kuzuia kutapika. Mwalimu akaongeza madafu, maana madafu ndiyo dripu ya kwanza ya kila nyumba huku kwetu. Kijibwa akayatapika.

Jumatatu saa moja kasoro asubuhi simu yangu ikaita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Njoo unitazamie hawa. Mmoja anatoa kitu kama utumbo wa samaki uliooza, na mwenzake ameanza kujikunyata."

Harufu ya parvo ukishaikuta mara moja huisahau. Nilipofungua banda sikuhitaji kipimo, lakini nilipima. Nilimwingizia kijiti cha pamba kwenye njia ya haja, nikachovya, nikaweka matone kwenye kipimo cha haraka. Mstari wa pili ulitokea kabla sijamaliza kuvaa glavu za pili, mwekundu na mnene. Hapa kuna jambo la kukumbuka: kijibwa aliyechanjwa chanjo hai ya parvo, yaani yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, siku nne hadi nane nyuma anaweza kutoa mstari hafifu kwa sababu ya kirusi cha chanjo yenyewe. Huyu alichanjwa wiki tatu nyuma. Mstari ule ulikuwa wa ugonjwa.

Alikuwa na kilo 8.2. Ngozi ya bega niliivuta ikabaki imesimama kama kitambaa kilichonyongwa. Ufizi mkavu, macho yamezama. Nilikadiria amepungukiwa maji kwa asilimia 10, maana yake mililita 820 za kufidia, na juu yake kama 490 za kumtosha siku nzima, mbali na zile ambazo angeendelea kuzimwaga kwa kuhara na kutapika. Zaidi ya lita moja na robo kwa mnyama ambaye hashiki hata kijiko tumboni. Ndugu yake alikuwa nyuma yake kwa siku moja hivi: amenyong'onyea, ametapika mara mbili, bado hajahara damu.

Maamuzi, na kwa nini

*Wapi pa kuwatibu.* Kliniki yangu ina chumba kimoja cha kupokelea wanyama na kingine cha kazi. Hakuna pa kumtenga mbwa wa parvo, na Jumatatu ndiyo siku ya watu kuleta vijibwa kuchanjwa. Kuwapeleka kule kungekuwa kugawa ugonjwa kwa foleni. Tukatumia stoo ya Mwalimu iliyokuwa na sakafu ya saruji na dirisha. Chupa za dripu tukazitundika kwenye msumari wa kuwekea jembe. Nilimfundisha mjukuu wake wa kidato cha nne kuhesabu matone na kubana bomba. Nitasema baadaye gharama ya uamuzi huu.

*Tiba gani.* Hakuna dawa ya kukiua kirusi cha parvo ambayo ningeweza kuinunua. Unamshikilia mnyama mpaka utumbo wake uote upya. Maji ya Ringer laktati kwenye mshipa, sukari kidogo baada ya kipima sukari kuonyesha imeshuka, dawa ya kuzuia kutapika, na antibayotiki kwa sababu utumbo uliochubuka hupitisha bakteria kwenye damu wakati seli nyeupe zimekwisha. Mara kutapika kulipotulia, chakula laini kidogokidogo kwa bomba la sindano. Ule utaratibu wa zamani wa kumfungisha mbwa siku tatu umeshapitwa, maana anayelishwa mapema hupona haraka zaidi.

*Waliokuwa bado wazima.* Huu ndio uamuzi uliozua maneno. Jike wa banda la nyuma alikuwa ameshakula sahani moja na wagonjwa, na kidume wa getini hakuwa mbali. Niliamua kuwachoma wote wawili chanjo ya parvo siku hiyohiyo. Chanjo hai ya parvo hujenga kinga ndani ya siku chache ikikuta mwili hauna kingamwili, wale askari wa damu, za kuizuia. Kama kirusi bado hakijaingia, unakitangulia. Kama kimeshaingia, chanjo haitakizuia lakini haitamdhuru. Mwalimu nilimweleza yote mawili, hasa la pili, nikamwomba alirudie kwa maneno yake mwenyewe. Alilirudia kama anavyofundisha darasa.

*Kupima kingamwili.* Mwenzangu wa mji jirani alikuwa amebakiwa na vipimo vinne vya kingamwili vinavyokaribia kwisha muda. Nikaviomba. Kabla ya kuchoma nilichukua damu ya kidume wa getini na ya mama yake. Viwili vilivyobaki nilivipeleka kwa jirani wa mtaa wa pili, ambaye vijibwa wake wenye umri karibu sawa walichomwa na kijana yuleyule, siku ileile ya dozi ya tatu, kutoka boksi moja. Tofauti ni kwamba mama yao ni mbwa wa kawaida wa mtaani ambaye hajawahi kuona sindano. Nitalieleza hili kwenye uchambuzi, lakini hata leo naona ni pesa iliyotumika vizuri kuliko zote.

*Kuwapigia walionunua.* Jioni ile nilizungumza na wote. Daktari wa yule mtumishi alikuwa amekataa kuitegemea kadi yetu na ameshamchoma kijibwa dozi nyingine wiki ya 12. Nilimshukuru, ingawa moyoni iliniuma kidogo. Yule wa Serengeti ilibidi nimweleze kwa kirefu, maana alisema kijibwa wake anacheza vizuri na shamba lina kazi. Kwake sikuwaza parvo peke yake. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi ndio waliotajwa kuwa chimbuko. Kijibwa mmoja mwenye kadi isiyo na kinga, mahali kama pale, ni habari ya watu na wanyama wengi. Akakubali. Mtaalamu wa wilaya yao akamchoma ndani ya wiki.

*Usafi.* Kinyesi kwanza kiokotwe, sakafu ioshwe kwa sabuni, ndipo dawa. Jiki ya madukani kwetu mara nyingi ina nguvu ya asilimia 3.5 hivi, kwa hiyo tulipima kikombe kimoja kwa vikombe 20 vya maji, ikakaa sakafuni dakika kumi bila kufutwa. Ukiimwaga juu ya uchafu, uchafu ndio unaoimaliza nguvu. Dawa nyingi za kudekia zenye harufu ya waridi haziigusi parvo kabisa. Banda la nyuma lina sakafu ya udongo, na udongo hauoshwi. Tuliling'oa paa jua lipige, tukalifunga, na nikasema hakuna kijibwa atakayelala pale kwa mwaka mzima.

Matokeo

Ndugu wa kwanza alifariki Jumatano alfajiri, dripu ikiwa mkononi. Kanula, kile kibomba cha dripu kinachoingia kwenye mshipa, ilikuwa imeziba usiku, mjukuu akaogopa kunipigia saa nane. Sidhani ingebadilisha mwisho wake, sukari ilikuwa imeshagoma kupanda tangu jioni. Lakini siwezi kuapa, na hiyo ndiyo gharama ya kutibu stoo niliyosema.

Ndugu wa pili alihara damu Jumanne na Jumatano, Alhamisi akanyanyua kichwa aliponusa supu ya kuku, Jumatatu iliyofuata alikuwa anang'ata kamba ya mlango.

Jike aliyechanjwa Jumatatu alitapika Ijumaa. Hapo mtaa ukasema. Jirani mmoja alimwambia Mwalimu, nikiwapo, "Si alikuwa mzima mpaka alipochomwa?" Kipimo nacho hakikunisaidia, maana siku nne baada ya chanjo hai mstari wowote ungeweza kubishaniwa. Sikubishana. Alikutana na wagonjwa Alhamisi, akaanza kuumwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, siku nane, hesabu ya parvo hiyo, ingawa wengi huanza kati ya siku ya tatu na ya saba. Tuliweka dripu saa ileile aliyotapika, kabla hajapungukiwa maji, na kufikia Jumanne alikuwa anakula mwenyewe. Tofauti kati yake na marehemu ilikuwa saa thelathini na sita za dawa ya minyoo na madafu.

Kidume wa getini hakuumwa. Wawili walioko mbali hawakuumwa.

Mfanyabiashara wa mbao alitaka arudishiwe fedha za mbwa wote wawili. Hoja yake: aliuziwa mbwa wenye kadi kamili. Mwalimu akarudisha ya mmoja. Hawajagombana, ila hawatembeleani tena.

Kwa nini waliochanjwa mara tatu waliugua

Mtuhumiwa wa kwanza wa kila mtu alikuwa friji. Nami nilianza nalo. Nilikwenda na kipimajoto kwenye duka la dawa za mifugo ambako chanjo zilinunuliwa. Rafu ya chini ilisoma nyuzi 4, vizuri. Mlangoni, ambako ndiko chanjo zilikowekwa ili zisigandane na soda, ilisoma 11. Chanjo hizi zinatakiwa kukaa kati ya 2 na 8. Tena kijana alikiri kwamba kwenye siku za haraka huchanganya chupa kadhaa dukani, akazivuta kwenye mabomba ya sindano, ndipo akapanda pikipiki. Chanjo hai ikishachanganywa na maji inatakiwa iingie mwilini mara moja, wala si baada ya kuzunguka nyumba tatu kwenye jua la pwani. Makosa mawili, yote ya kweli, yote lazima yarekebishwe.

Ila vipimo vinne vilielekeza kwingine. Mama: kingamwili nyingi sana za parvo. Kidume wake, baada ya dozi tatu: parvo hakuna, distempa kidogo mno. Vijibwa wawili wa jirani, boksi lilelile, pikipiki ileile: parvo nzuri na distempa nzuri. Mtu atasema hao walizipata mtaani kwa ugonjwa wa kawaida. Inawezekana kwa parvo. Lakini kuugua parvo na distempa zote mbili, wote wawili, wakanusurika, na mwenye nyumba asione hata kikohozi? Naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba chanjo ile, pamoja na joto la mlangoni, bado ilikuwa hai.

Tofauti iliyobaki ilikuwa mama.

Kijibwa huzaliwa karibu hana kinga, akanywa dang'a, na kwenye dang'a akapewa kingamwili za mama yake. Hizo humlinda wiki za mwanzo. Kwa parvo hupungua kwa nusu kila siku tisa au kumi hivi. Tatizo ni kwamba hazibagui: zikikutana na kirusi cha chanjo huking'oa kama zinavyoking'oa cha mtaani. Na kiasi kinachotosha kuizuia chanjo ni kidogo kuliko kiasi kinachotosha kuuzuia ugonjwa. Kwa hiyo kila kijibwa hupita kipindi ambacho kingamwili za mama zimeshakuwa chache mno kumkinga, lakini bado zinatosha kuiua sindano yako. Kipindi hicho hakikwepeki. Unachoweza kufanya ni kuhakikisha kuna dozi inayomkuta upande wa pili.

Mama mwenye kingamwili nyingi huwapa wanawe nyingi, nazo huchelewa kwisha. Kufikia wiki ya 10 zilikuwa zimekatwa nusu mara saba tu. Ukianza na mfuko mkubwa, kinachobaki bado kinazuia. Dozi ya wiki ya 6 iliuawa, ya 8 ikauawa, ya 10 nayo hivyohivyo. Kisha wiki ya 11 au 12 mfuko ukaisha, hakuna sindano nyingine iliyopangwa, na wiki ya 13 wakapelekwa kukimbia kwenye kiwanja chenye mzoga. Wale wa jirani, ambao mama yao hakuwa na cha kuwapa, walishika chanjo mapema. Ndiyo maana nilisema nidhamu ya jike yule ikae kichwani. Na asije mtu akatoka hapa akisema basi mama asichanjwe: watoto wa mama asiye na kinga hukaa wazi tangu wiki za mwanzo kabisa, na wengi hufa kabla ya umri wa kuanza dozi.

Mwongozo wa Chama cha Dunia cha Madaktari wa Wanyama Wadogo, WSAVA, umeliona hili zamani: anza wiki ya 6 hadi 8, rudia kila wiki mbili hadi nne, na usiache mpaka kijibwa afike wiki ya 16 au zaidi. Kisha dozi nyingine kuanzia wiki ya 26, kwa ajili ya yule ambaye hata wiki ya 16 ilimkuta bado na masalia ya mama. Baada ya hapo distempa, homa ya ini na parvo hurudiwa kila baada ya miaka mitatu au zaidi. Leptospira ina hesabu yake: mbili za mwanzo zinazoachana wiki mbili hadi nne, kisha kila mwaka, na kwenye nyumba yenye kuku na panya kama ya Mwalimu sitaki irukwe, maana ugonjwa huo hata binadamu huupata. Mwongozo huo unataja wiki. Kadi yangu ilitaja idadi.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na ni kubwa kuliko la kijana. Alijaza visanduku nilivyompa. Niliposema AMEKAMILISHA baada ya cha tatu, nilimfundisha kwamba tatu ndio mwisho, hata kama cha tatu kimejazwa mtoto akiwa na wiki 10. Halafu kadi ileile ikamziba macho Jumapili, akaona minyoo mahali palipokuwa na parvo. Na kwenye mauzo ikawa hati ya dhamana. Karatasi moja imekosea mara tatu.

Kuhusu kichaa cha mbwa iliyochomwa wiki ya 10: kwenye ratiba ya kliniki huwa tunasubiri wiki ya 12, kwa hiyo tuliirudia kwa walionusurika. Lakini hili lisichanganywe na kampeni za mtaani. Mtoto akikuletea kijibwa wa wiki saba ndani ya kikapu siku ya chanjo ya kata, mchome. Huenda usimwone tena, na lengo pale ni kufikisha asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Tena chanjo hiyo ni ya kirusi kilichouawa, inavumilia joto kuliko hizi hai. Parvo ni hesabu ya mtoto mmojammoja, kichaa ni hesabu ya kijiji.

Nilichobadilisha

Kadi mpya haina namba za visanduku. Juu ina nafasi ya tarehe ya kuzaliwa na chini yake mstari wa pili: "Asikamilishwe kabla ya tarehe..." Anayefungua kadi hulazimika kuhesabu wiki 16 papo hapo na kuijaza kabla hajachoma chochote. Neno AMEKAMILISHA nimeliondoa. Kadi za zamani nilizikusanya, zilirudi 41, sijui ngapi bado ziko mitaani.

Kijana wa mifugo sasa anabeba deli lenye barafu na kipimajoto, na anachanganya chupa mbele ya mbwa. Alikuja mwenyewe kuomba tukae tuhesabu upya vijibwa wake wote wa miezi minne iliyopita. Tulikuta tisa waliomaliza kabla ya wiki ya 12, tukawafuata nyumba kwa nyumba. Mwenye duka amehamishia chanjo rafu ya chini, soda ndizo zimekwenda mlangoni.

Mwalimu anawauza vijibwa wiki ya 11 kama zamani, kwa sababu kuwalisha mpaka wiki ya 16 kungekula faida yote, na nadhani ana haki. Ila sasa bei ina dozi mbili ndani yake, anazilipia kwangu kabla mnunuzi hajaondoka, na anawapigia simu siku ikifika. Kwa sauti ya darasani, naambiwa.

Aliyebaki ni ndugu wa pili, yule aliyepona. Amefika wiki ya 26 na nimempigia mfanyabiashara wa mbao mara mbili. "Daktari, si kashaugua kapona? Ya nini tena?" Kwa parvo yuko sahihi, mwili wake hautaisahau kwa miaka. Distempa na homa ya ini hajaziugua, na kipimo cha kaka yake wa getini kinanionyesha alivyo mtupu upande huo. Nimemwambia nitapita Jumamosi mwenyewe, asisumbuke kumleta.